Kabla ya kumlaumu Manziel, tukiulize chuo

Wapenzi wa kandanda ya Kimarekani wanapokutana, jina la Johnny Manziel halikosi kuzua mabishano. Wapo wanaomsifu kuwa hajatokea kijana wa mwaka wa kwanza aliyecheza kama yeye. Wapo pia wanaomtaja kama mfano wa mtu aliyejaliwa kipawa akakifuja kwa mikono yake mwenyewe. Ubishi huu umedumu kwa zaidi ya mwongo mmoja na yamkini hautaisha leo wala kesho. Hata hivyo, pande zote mbili, kwa maoni yangu, zinamtazama mtu na kuisahau taasisi iliyomlea. Na kwa kuwa taasisi yenyewe ni chuo kikuu, jambo hili linatuhusu sisi walimu na wanafunzi, hata kama hatujawahi kuutazama mchezo huo.

Kwa faida ya msomaji asiyeufahamu, kandanda hiyo si soka tuijuayo bali ni mchezo unaokaribiana zaidi na raga. Mchezaji aitwaye kwotabeki ndiye mpangaji wa mashambulizi. Yeye huupokea mpira, na kwa muda wa kufumba na kufumbua huamua kama ataurusha mbali, atampa mwenzake au atakimbia nao mwenyewe. Timu ikishinda, sifa ni zake. Ikishindwa, lawama ni zake. Huko Marekani mchezo huu huchezwa na wanafunzi wa vyuo vikuu katika viwanja ambavyo baadhi yao huingiza watazamaji zaidi ya 100,000, na haki za kuuonyesha kwenye televisheni huuzwa kwa mamilioni mengi ya dola.

Manziel alizaliwa katika jimbo la Texas mwaka wa 1992 na akajiunga na Chuo Kikuu cha Texas A&M. Mnamo Novemba 10, 2012, akiwa katika msimu wake wa kwanza uwanjani, aliiongoza timu yake kuishinda Alabama, iliyokuwa ikishikilia nafasi ya kwanza nchini, kwa alama 29 kwa 24, tena katika uwanja wa Alabama wenyewe. Mwezi uliofuata alitunukiwa tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo. Hakuna mchezaji wa mwaka wa kwanza aliyekuwa amewahi kuipata kabla yake. Alikuwa ametimiza umri wa miaka 20 siku mbili tu kabla ya kuipokea.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mnamo Agosti 2013 zilienea habari kwamba kijana huyo alikuwa ametia sahihi yake kwenye picha na mipira mingi kwa ajili ya wachuuzi wa kumbukumbu za michezo, na kwamba huenda alilipwa. NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, lilifanya uchunguzi na kusema halikupata ushahidi kwamba alipokea fedha. Hata hivyo alizuiwa kucheza nusu ya kwanza ya mechi ya kufungua msimu dhidi ya Rice. Kosa lake, kwa maelezo yaliyotolewa, lilikuwa kwamba hakuwazuia wengine kunufaika kutokana na sahihi yake. Miaka kumi baadaye, katika filamu ya hali halisi iliyotolewa Agosti 2023, Manziel mwenyewe alikiri kwamba fedha hizo alizipokea.

Je, tumwite mwongo? Ndiyo, alidanganya, na uongo hauwi ukweli kwa sababu aliyeusema anapendwa na watu. Lakini hebu tuitazame dunia aliyokuwa akiishi. Katika mwezi uo huo wa Agosti 2013, Jay Bilas, mchanganuzi wa michezo wa televisheni, aliwaonyesha watu jambo la ajabu. Aliyeandika jina la Manziel katika duka la NCAA kwenye intaneti aliletewa jezi za Texas A&M zenye nambari 2, ambayo ndiyo nambari ya Manziel. Jezi hazikuwa na jina mgongoni, lakini duka lilijua fika mnunuzi alikuwa akimtafuta nani. Aibu ilipozidi, shirika lilitangaza kwamba litaacha biashara hiyo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Chuo nacho hakikubaki nyuma. Katika mwaka wa fedha wa ushindi ule, Texas A&M kilitangaza kuwa kimechangiwa dola milioni 740, kiasi ambacho hakikuwa kimewahi kufikiwa hapo awali. Mnamo 2013 iliidhinishwa pia kazi ya kuupanua uwanja wake, Kyle Field, kwa gharama iliyozidi dola milioni 450, na ukaweza kuingiza watu 102,733. Haitakuwa haki kudai kwamba kila senti ilitokana na kijana mmoja. Mwaka wa 2012 chuo kilikuwa kimehamia ligi yenye hadhi kubwa zaidi, na wafadhili wake wa tangu zamani walikuwapo. Lakini hapana anayeweza kukana kwamba jina lililovuma mwaka huo lilikuwa la Manziel, na mwenye jina ndiye pekee aliyekatazwa kuliuza.

Hapa ndipo taaluma yangu ya isimu inaponilazimu kusema neno. Kwa miaka mingi vyuo hivyo vilijitetea kwa istilahi mbili. Ya kwanza ni mchezo wa ridhaa. Katika Kiswahili, ridhaa ni kukubali kwa hiari, bila kushurutishwa. Basi tujiulize, kijana anayetaka kuucheza mchezo huo kwa malipo, na ambaye kanuni za ligi ya kulipwa zinamtaka kwanza angoje miaka mitatu tangu amalize shule ya upili, ana hiari gani ya kuyakataa masharti ya chuo?

Istilahi ya pili ni mwanafunzi-mwanamichezo. Mtu akiisikia atadhani ni neno la heshima linalotanguliza masomo mbele ya michezo. Asili yake ni nyingine kabisa. Katika miaka ya 1950 ilianza kujitokeza hoja kwamba mchezaji wa chuo aliyeumia uwanjani alistahili fidia kama mfanyakazi yeyote. Mchezaji wa chuo kimoja cha Colorado alifariki mwaka wa 1955 kutokana na jeraha la mchezo, na mjane wake akaenda mahakamani. Mwaka wa 1957 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliamua kwamba hakustahili kulipwa. Walter Byers, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa NCAA wakati huo, alikiri katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1995 kwamba istilahi hiyo waliibuni ili kuikwepa hatari ya wachezaji kutambuliwa kuwa waajiriwa. Naam, neno linaweza kuwa ngao, na linaweza kuwa kufuli.

Kufuli hiyo ilianza kufunguka mnamo Juni 21, 2021, wakati majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walipoamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, iliyohusu mipaka ya misaada ya kimasomo kwa wachezaji. Siku chache baadaye, Julai 1, wachezaji wa vyuo waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao. Mnamo Juni 2025 mahakama iliidhinisha mapatano ya dola bilioni 2.8 ya kuwafidia wachezaji waliocheza bila malipo hayo, na vyuo vikaruhusiwa kuwagawia wachezaji sehemu ya mapato moja kwa moja. Kile alichoadhibiwa Manziel mwaka wa 2013 kimekuwa kazi halali ya kila siku. Reggie Bush naye, aliyeipoteza tuzo ya Heisman mwaka wa 2010 kwa kupokea manufaa yaliyokatazwa, alirudishiwa Aprili 2024. Mwezi mmoja kabla ya hapo Manziel alikuwa ametangaza kwamba hatahudhuria tena sherehe za tuzo hiyo hadi mwenzake atendewe haki.

Watetezi wake husimama hapo na kusema kwamba historia imemwondolea lawama. Mimi sikubaliani nao. Timu ya Cleveland ilimchagua akiwa wa 22 mwaka wa 2014 na kumwachisha mapema 2016, baada ya kumwanzisha katika mechi nane tu. Mwaka huo huo alishtakiwa kwa madai ya kumpiga mwanamke aliyekuwa mpenzi wake. Kesi ilifutwa mwaka wa 2017 baada ya yeye kutimiza masharti ya mapatano na waendesha mashtaka. Madai ya namna hiyo si ya kufunikwa kwa nderemo za uwanjani. Katika filamu ile alieleza pia kwamba alizama katika ulevi na dawa za kulevya, akapuuza mazoezi, na akafikia hatua ya kujaribu kujitoa uhai. Fedha, ambazo baadaye zilikuja kuwa halali, hazikumwokoa. Familia yake ilikuwa na uwezo, kwa hiyo si ufukara uliomponza.

Kilichokosekana, basi, ni malezi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na chuo ni mama wa pili. Kijana alipokuwa akishinda, ni nani aliyemwambia hapana? Ni mhadhiri gani aliyemtaka aketi darasani kama wenzake? Siulizi haya kwa kujitoa lawamani. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo ambacho sitakitaja, niliombwa nimpe mchezaji mmoja hodari fursa ya kufanya mtihani ambao hakuwa amehudhuria mihadhara yake. Nilikubali, kwa kuwa timu ilikuwa ikishinda nasi sote tulijivunia. Mwaka uliofuata aliumia goti, hakuchezeshwa tena, na hakurudi masomoni. Hakuna aliyeniuliza kumhusu, nami sikumtafuta. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Tusidhani pia kwamba mfumo huo wa Marekani uko mbali nasi. Kwa miongo mingi vijana wetu wamekwenda huko kwa ufadhili wa kukimbia. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State alipovunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka wa 1978. Baada ya makofi kuisha aliandamwa na ulevi na ufukara kwa miaka mingi katika nchi hiyo hiyo, kabla ya kurejea nyumbani, ambako alifariki mwaka wa 2024. Isitoshe, mwanafunzi wa kigeni hubanwa sana na sheria za uhamiaji kuhusu kufanya kazi, na kwa hiyo malipo haya mapya si rahisi kuyafikia kama alivyo mwenzake Mmarekani. Anayepeleka mwanawe huko, na mwalimu anayemwandikia barua ya kumpendekeza, wayajue haya kabla ya kusherehekea.

Urithi wa Manziel, kwa hiyo, si tuzo iliyo kabatini wala si aibu iliyo magazetini. Ametuachia swali ambalo kila chuo na kila shule inayojivunia timu yake inapaswa kulijibu: siku miguu ya kijana huyu itakapochoka, atakuwa amebaki na nini tulichomfunza? Walimu wenzangu, tumkatalie mwanafunzi hodari pale inapobidi, na tumtafute anapoacha kuonekana. Nanyi wanafunzi mnaoshangiliwa, daini haki yenu ya jasho lenu, lakini daini pia nafasi yenu darasani. Chuo kinachokupa ya kwanza na kukunyima ya pili bado hakijakulipa.