Kamyo ya basoda iko na viti 16, yetu je?

Tangu miezi tano sasa, kila siku ya posho kisha saa nane, watoto kumi na mmoja wanakutana nyuma ya biro ya sendika yetu kutengeneza kamyo ya basoda. Ni kamyo ndogo, ya waya na bati la mikebe, urefu wake sentimeta 32 na nusu. Wapitaji wanacheka: sendika imekosa kazi, sasa inacheza na watoto. Wengine hawacheki. Mama mmoja mzee wa kambi yetu alisimama mlangoni na beseni yake kichwani, akatuambia: «Banangu, ninyi ba sendika njo munafundisha batoto kamyo ya basoda? Mulisha kusahabu?»

Hakusema tumesahau nini, na hakuna aliyemuuliza. Mwezi wa 12 mwaka 1941, watumishi wa Union Minière waligoma kwa ajili ya mshahara, na basoda wa Force Publique waliwapiga bunduki katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Léonard Mpoyi, aliyesimama kusema kwa ajili ya wenzake, alikufa pale pamoja na wengine wengi. Kwa watu wa migodi kama sisi, kamyo ya kijani yenye bashi si kitu cha mchezo. Mama yule alikuwa na haki ya kuuliza, na sisi siku ile tulijibu vibaya, tulisema tu «ni michezo, mama». Leo tunataka kumjibu vizuri.

Kazi hii ilianza juu ya kutaka watoto wasiende kuokota mawe katika mashimo siku ya posho. Mzee mmoja, mekanisie wa zamani, sasa mtu wa pansioni, alisema watoto wote wa hapa wanajua kutengeneza motoka ya waya, lakini hakuna anayewafundisha kupima. Alileta makaratasi ya zamani, fotokopi za kitabu cha ufundi cha jeshi la Marekani, TM 9-801. Ni kitabu cha kamyo GMC ya vita ya 1940-45, ile wanayoiita CCKW. Kila herufi iko na maana yake: C ya kwanza ni mwaka 1941, C ya pili ni kabine ya kawaida yenye motere mbele, K ni magurudumu ya mbele yanayovuta, W ni ekseli mbili za nyuma zinazovuta. Walitengeneza zaidi ya 500 000. Tamiya ya Japani inauza GMC hiyo ya plastiki katika sanduku, kipimo 1/35, lakini kwa bei ya sanduku lile jamaa moja hapa inakula siku nyingi. Tulichagua waya na bati.

Kipimo chetu ni 1/20: metre moja ya kweli inakuwa sentimeta tano. Hapo ndipo watoto walianza kutoka jasho. Mpira wa GMC uko na kimo cha karibu sentimeta 93, basi wetu unapaswa kuwa sentimeta 4 na milimeta 6. Kijana mmoja alikata mipira yake mikubwa, katika soli ya babushi, juu aliona hivyo inapendeza zaidi. Mzee aliipima akaitupa. Akakata tena, ikatupwa tena. Mara ya tatu ilikubali. Na mipira yenyewe ni kumi, juu kila ekseli ya nyuma inabeba miwili miwili kila upande. Watoto wa kwanza walitaka kuweka sita tu, kama katika picha ya mbali.

Shasi tulikunja kwa bati, likipigwa juu ya ukingo wa rula ya chuma mpaka linakuwa na umbo la mfereji. Resori ni vipande vya mkebe wa sardini, kirefu juu, kifupi chini yake, kingine kifupi zaidi, vikafungwa kwa waya mwembamba. Ekseli mbili za nyuma zinacheza kweli: gurudumu moja likipanda jiwe, lingine linashuka, na karoseri inabaki sawa. Mzee alikataa kabisa kuzifunga zisitikisike. Bashi ilitoka katika kombinezoni ya kazi iliyochanika. Tuliilowesha katika maji ya gundi, tukaitandika juu ya pinde za waya, ikakauka na mikunjo yake. Taa zilitoka katika tochi zilizokufa.

Rangi ni jambo la kuchekesha. Kijani cha jeshi la Marekani si kijani: changanya njano na nyeusi, kinatokea chenyewe. Lakini rangi ya dukani inang'aa kama sufuria mpya, na kamyo ya vita haing'ai. Tulitia poda ya watoto katika rangi, ikafifia. Kisha kukauka, watoto walitaka kuweka kutu kila mahali. Mzee akauliza: mguu wa mtu unakanyaga wapi? Mkono unashika wapi? Maji yanalala wapi? Ni pale tu rangi inaisha. Kwenye ngazi ya kabine, kwenye ukingo wa mlango, kwenye bati la nyuma linalofunguka. Pengine pote, vumbi tu, vumbi letu jekundu la barabara lililochujwa katika soksi ya mama. Tunaomba wazazi wanaotaka kujaribu kwao: musitumie vumbi la mabaki ya usine, lile lina madini yasiyofaa mapafu ya mtoto. Na kusude, afanye mtu mkubwa, mahali penye upepo, juu ile risasi ya kusude inatoa moshi mubaya.

Sasa tunafika kwenye karoseri, na ndiyo sababu ya kuandika.

Karoseri ya GMC ndefu iko na metre 3,66. Kila upande kuna benchi ya mbao inayokunjwa, na nyuma ya benchi kuna mbao za kuegemea. Watu wanane kila upande, jumla 16. Watoto walipogawanya 3,66 kwa 8 walipata sentimeta 45 na kitu kwa kila mtu, yaani upana wa mabega ya mwanaume mzima. Mtu aliyechora kamyo ile katika vita, akiwa na haraka ya kupeleka watu mahali pa kufa, alipima mabega yao kwanza.

Mmoja wa wale watoto alifunga mnyororo wa nyuma kwa muda mrefu kuliko wote. Alitumia mnyororo wa kikuku kilichokatika, akahesabu vipete vyake. Baba yake alikuwa mwenzetu. Miaka miwili iliyopita alianguka kutoka kamyo iliyokuwa ikipeleka timu ya usiku kazini, barabara ya mashimo, bila benchi, bila mbao ya nyuma. Kompani ile ndogo, iliyochukua kazi kwa kompani kubwa, iliandika kwamba alikuwa hakujishika vizuri. Mtoto aliinua kichwa akauliza: «Ba papa banajishikaka wapi?» Tulinyamaza. Katika kamyo yetu hakuna pa kujishika, paka bega la mwenzako.

Tulienda kupima kamyo inayotubeba, kwa kamba, usiku, wakati shofere anakunywa chai. Karoseri yake inazidi ile ya GMC kwa sentimeta 20 tu. Tumehesabu watu kwa majuma matatu: 38, 41, 40, mara moja 46. Wote wanasimama, au wanakaa juu ya mifuko na vyuma. Tukiweka watu 40 katika karoseri ya GMC, yenye karibu metre 7 na nusu za mraba, kila mtu anapata kipande cha sentimeta 43 kwa 43. Mwambie mke wako akuchoree kipande kile chini jikoni, usimame ndani saa moja, mtu akikusukuma kila dakika.

Watoto walichonga watu wa mti, kimo sentimeta 8 na nusu kila mmoja, kofia njano. Kumi na sita walikaa vizuri. Tukaongeza wengine wa kusimama. Wa thelathini na tano aliangusha wawili wa nyuma, na hapo kamyo ilikuwa imesimama juu ya meza.

Kuna wanaotuambia: basi munataka tusafiri kama basoda? Hapana. Hata GMC si gari la kubebea mtumishi, ni kamyo ya mizigo iliyotiwa benchi. Wakati wa Red Ball Express, mwaka 1944 kule Ufaransa, ambapo wengi wa mashofere walikuwa Wamarekani weusi, zilijazwa kupita kiasi mpaka mipira na resori zikavunjika njiani. Sisi tunataka basi, lenye viti na milango. Lakini tunashangaa kwamba chombo cha vita kilichochorwa 1941 kiko mbele ya kile tunachopewa leo, sisi tunaotoa kobalti ya motoka mpya za ulimwengu.

Code du travail ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 inaweka katika kazi Komite ya usalama, usafi na upambaji wa mahali pa kazi. Tuliipeleka kamyo yetu katika mkutano wa komite hiyo, tukaiweka katikati ya meza pamoja na watu wake wote. Mukubwa mmoja alicheka, akaishika, akachezesha ekseli za nyuma, akasema watoto wako na akili. Kisha delege wetu akaanza kupanga watu wa mti, mmoja mmoja, akihesabu kwa sauti. Alipofika 20 hakuna aliyecheka tena. Walisema watachunguza jambo. Ni majuma saba sasa. Kamyo ya usiku bado inapita na watu wake.

Mama wa beseni, ndiyo maana ya kazi hii. Kamyo iliyotuletea bunduki tunaifungua kipande kwa kipande, watoto wanaijua mpaka msumari, na wanaanza kuuliza maswali ambayo sisi tulisahau kuuliza. Kama bado haupendi rangi yake, tunaelewa.

Mkutano wa komite unarudi mwanzoni mwa mwezi ujao, na kamyo itarudi pamoja nasi. Taa moja ilivunjika katika safari ya kwanza, inatengenezwa. Tunahitaji bado watu sita wa mti, ili wafike 46. Mwenye mikebe isiyo na kutu na babushi zilizokwisha, azilete siku ya posho, mbele ya saa nane.