Vanishi Mpya, Nyuzi Zenye Kutu



Sisi maseremala na mafundi wa karakana ya reli tuna neno. Mnajua kwamba jioni na Jumamosi twatengeneza piano za makanisa na mashule. Mikono iliyozoea mbao za mabehewa haikuiona kazi hiyo kuwa ngeni. Sasa yatutoka, wala si kwamba piano zimekwisha. Wametokea watu wanaotoza nusu ya bei yetu.

Hatumkatazi mtu kutafuta chakula. Lakini tazameni wanachouza. Piano ina nyuzi kama 230, na mvuto wake wote pamoja huzidi tani 15. Misumari inayokaza nyuzi hizo imeshikwa na ubao mgumu wa tabaka nyingi. Ubao ukipasuka na matundu yakalegea, sauti haikai. Dawa yake ni kutoa nyuzi zote, kutia ubao mpya na kutoboa matundu upya kwa kipimo, kazi ya majuma mengi. Hawa huigonga misumari ile ile iingie ndani zaidi, wakasugua nyundo kwa msasa, wakapaka vanishi, basi. Siku ya kukabidhi yalia vizuri kabisa!

Kanisa moja lilikataa bei yetu mwaka jana, likawapa wao. Kabla ya Pasaka wazee walituita tuitazame. Nyuzi zilikuwa zile zile za kutu, na misumari imegongwa mpaka haina pa kwenda tena. Fedha za kuitengeneza upya hazikuwako. Leo imefunikwa kitambaa, na juu yake wameweka maua.

Na tuseme kweli ijapokuwa yauma: katika hao wa bei ya chini wamo wenye kadi za Chama, waliotuacha kabla hawajamaliza kujifunza. Vijana waliobaki watuuliza, ya nini kujifunza miaka mingi kazi inayolipwa kama ya siku mbili? Hatujapata la kuwajibu.

Basi ninyi mlio katika kamati za makanisa na mashule, kabla ya kulipa fungueni kifuniko. Mwulizeni fundi nyuzi za zamani ziko wapi, awaonyeshe. Mtakeni hati ya mwaka mmoja. Sisi tu tayari kuitia sahihi.

Katika mkutano ujao wa tawi tutaleta shauri la bei ambayo mwanachama asishuke chini yake. Wanaoshusha nao waje, wayaseme yao mbele yetu.