Skrini Tatu Hazifi Siku Moja

Najua nimepotea karibu wiki tatu, kazi ya ofisini imenibana. Leo siandiki kuhusu Linux wala hifadhidata. Nataka kuandika kuhusu sanduku la chuma lenye skrini tatu, na hasira niliyorudi nayo nyumbani Kitengela kutoka Mashuuru.

Mjomba wangu yuko kwenye kamati ya kisima huko. Pampu imezamishwa chini kabisa, ni ya fezi tatu, na inaendeshwa na jenereta. Kwenye kibanda kuna paneli: skrini moja ya volti, moja ya ampea, na ya tatu ni ya kidhibiti cha kiwango cha maji. Pampu ikishafanya kazi dakika chache, skrini zote zinazimika. Baadaye zinarudi zenyewe. Maji yanaendelea kutoka kama kawaida. Fundi wa kwanza alisema skrini zimekufa. Wanachama wakachanga, wakanunua moja mpya, nayo ikazimika vilevile!

"Wewe si ndiye uliyesomea kompyuta?" mjomba akaniuliza kwenye simu. Utamwelezaje mjomba kwamba digrii ya kompyuta haina somo la pampu? Nikamwomba rafiki yangu, fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, twende pamoja. (Kama huna leseni usifungue paneli ya volti 415. Mimi nilishika tochi na kuuliza maswali, yeye ndiye aliyeshika waya.)

Nikiri kwanza kwamba nilianza vibaya. Niliposikia neno kidhibiti nikafikiri ni programu, nikapoteza nusu saa nikisoma menyu zake. Rafiki yangu akacheka. Akaniuliza: vitu vitatu vikifa dakika moja, unashuku kila kimoja au unashuku wanachokula pamoja? Ni swali ambalo mimi mwenyewe huwauliza vijana kazini seva zikianguka.

Wanachokula pamoja ni kisanduku kidogo kinachogeuza volti 240 kuwa 24. Skrini zilipozimika tulipima: kinachotoka ni sifuri. Kinachoingia? Kinapanda na kushuka ovyo. Basi akachomoa nyaya zinazoingia, akapima zikiwa wazi, na multimita ikasema 240 safi kabisa. Akazirudisha, zikaanguka tena.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Multimita ya kidijitali haivuti mkondo wa maana. Kiungo kibovu kinaweza kuipitishia volti zote, kwa sababu haikidai chochote. Kiwekee mzigo, hata mdogo, na ubovu wake unaonekana. Kwa hiyo usipime waya ukiwa umechomolewa ukaridhika. Weka ncha moja ya multimita upande huu wa kiungo na nyingine upande ule, mzigo ukiwa unafanya kazi. Kiungo kizima kitakuonyesha karibu sifuri. Sisi tulisogea kiungo kimoja kimoja mpaka kwenye konekta ya nyutro, na hapo tukakuta zaidi ya volti 100 zimekaa mahali pasipotakiwa kuwa na kitu. Skrubu ilikuwa imelegea na waya umeungua ukawa mweusi. Jenereta inatikisa, kontakta inagonga kila pampu inapowaka, joto la kibanda nalo linapanua na kusinyaza chuma. Skrubu inalegea polepole hadi siku moja haishiki.

Mbona pampu haikuzimika? Mota ya fezi tatu haihitaji nyutro. Koili ya kontakta yao nayo ni ya volti 415, inakula fezi kwa fezi. Skrini peke yake ndizo zilizotegemea nyutro. Jambo hili si la Mashuuru tu. Marekani, ambako kutengeneza bia nyumbani kuliruhusiwa na serikali kuu kwa sheria aliyotia sahihi Jimmy Carter mwaka 1978, watu wanajijengea paneli za kuchemshia zenye skrini za joto. Hita ya volti 240 huko haihitaji nyutro, lakini skrini za volti 120 zinaihitaji. Nyutro ikilegea skrini zinapofuka na umeme wa hita bado upo. Ugonjwa ni uleule.

Sasa nije kwenye hasira yangu. Kidhibiti cha kiwango cha maji kazi yake ni kuzima pampu kisima kikipungua. Kikikosa umeme, kinatakiwa kuizima pia, kwa usalama. Kwa nini basi haikuzima? Rafiki yangu akainua nyaya kidogo na tazama, kipande cha waya mwekundu kimeunganisha pande mbili za kidhibiti. Kuna mtu alipiga daraja. Kidhibiti kipo, skrini yake inawaka vizuri ikipenda, lakini hakidhibiti kitu.

Hadithi ikajipanga yenyewe. Nyutro ilianza kulegea zamani, kidhibiti kikawa kinakosa umeme na kuzima pampu "bila sababu". Fundi akaitwa, ng'ombe wako foleni, watu wanapiga kelele. Akapiga daraja, maji yakatoka, akalipwa. Ilibaki dalili moja tu, skrini, nayo ikauziwa skrini mpya.

Namwelewa, kweli. Kajiado ilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua mbovu kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, na anayesimamisha maji mbele ya mifugo yenye kiu anahitaji moyo. Hata mimi nimewahi kuandika programu inayomeza kosa kimyakimya kwa sababu mteja alikuwa amesimama nyuma yangu. Lakini mota ya kuzamishwa hupozwa na maji yanayoipita, na beringi za pampu hulainishwa na maji hayohayo. Ikivuta hewa inajiua. Piga daraja ikibidi, lakini mwambie mwenye kisima na uandike kwenye mlango wa paneli. Kunyamaza ndiko nisikokubali.

Na wauzaji je? Ndani ya mlango ule hakuna mchoro wa nyaya, hata karatasi moja. Mimi siwezi kukabidhi mfumo wa ofisi bila maelezo, lakini kijiji kinauziwa kitu kinacholinda pampu yake bila mchoro! Maoni yangu ni kwamba kamati yoyote izuie malipo ya mwisho mpaka mchoro ubandikwe mlangoni.

Rafiki yangu alikata ncha iliyoungua, akaufunga waya upya kwa kichwa kipya cha shaba, akakaza skrubu zote, akatoa daraja. Skrini zikatulia saa nzima. Halafu pampu ikazima yenyewe, ng'ombe wakiwa katikati ya kunywa. Mchungaji mmoja alinitazama vibaya sana. Tulisubiri kama dakika ishirini na tano, maji yakapanda kisimani, ikawaka bila kuguswa.

Mjomba alinyamaza muda. "Kwa hivyo miezi hii yote ilikuwa inavuta nini?"

Nikamwambia, wakati mwingine hewa.

Sasa wanabishana kuhusu hizo dakika za kusubiri. Wengine wanataka tangi kubwa zaidi, wawili wanataka daraja lirudishwe. Kamati inakaa Jumapili. Mchoro nimeuchora kwa kalamu na kuubandika mlangoni. Mistari imepinda, lakini rangi za nyaya ni sahihi.