STAA ANAAMBIWA YOTE, BINTI WA MBAGALA ANAAMBIWA "NI MITISHAMBA TU MPENZI"

Kuna dada mmoja mjini hapa, jina libaki kapuni, anauza mafuta na losheni za kung'arisha ngozi. Picha kali, taa nzuri, chupa imebandikwa jina lake kwa maandishi ya dhahabu. Bei haijaandikwa. Kilichomo ndani hakijaandikwa. Kuna maneno mawili tu: "Njoo DM."

Sasa huko DM ndiko mchezo unakochezwa. Staa mwenye jina akiuliza, anapigiwa simu kabisa. Anaelezwa kwamba hii ina dawa kali, usoni usipake muda mrefu, jua likikupata utajuta, na ukiwa mjamzito weka pembeni. Binti wa Mbagala aliyejichanga elfu thelathini yake akiuliza swali lile lile, "Dada, ndani kuna nini?", anajibiwa: "Ni mitishamba tu mpenzi, haina madhara," na kopa kopa juu. Akiuliza mara ya pili anaambiwa mjuaji. Mara ya tatu anablokiwa.

Chupa ni ile ile. Na dada huyu hayuko peke yake, wapo kibao.

Kwani staa anapendwa zaidi? Wala. Staa akiharibika uso, mji mzima utajua kabla ya jioni na biashara itakufa. Binti wa Mbagala akiharibika atajifunika mtandio, ataona aibu kusema alikuwa anajichubua, atanyamaza. Yaani maelezo yanagawiwa kwa kuangalia nani anaweza kumchafua muuzaji, si kwa kuangalia nani yuko hatarini.

Ukiwagusa wauzaji hawa, utetezi wao ni ule ule. Wa kwanza: "Wateja hawafanani, huwezi kuwaeleza wote sawa." Hapo wana hoja. Muuza simu Kariakoo hamwelezi fundi kama anavyomweleza bibi aliyetoka kijijini. Fundi anataka habari za betri na memori, bibi anataka kujua simu inakaa na chaji na spika inasikika. Hiyo ni busara ya biashara. Lakini kama simu ilishafunguliwa ikabadilishwa kioo, wote wawili waambiwe. Tena bibi ndiye wa kuambiwa zaidi, maana fundi angegundua mwenyewe. Hawa wa vipodozi wanafanya kinyume: anayejua anaongezewa, asiyejua anafichwa.

Utetezi wa pili: "Ni siri ya biashara." Siri ya biashara ni wapi unachukua mzigo, unapata faida kiasi gani, unachanganya kwa vipimo gani. Hivyo kaa navyo hadi uzeeni, hakuna anayevidai. Dawa inayoingia kwenye damu ya mtu mwingine haiwezi kuwa siri yako.

Maana vitu vyenyewe si vya mchezo. Zebaki inapenya kwenye ngozi, inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuacha weusi wa kijivu ambao kuutoa ni kazi kweli kweli, halafu mtu alikuwa anatafuta weupe! Krimu zenye steroidi kali zinafanya ngozi iwe nyembamba na kuleta michirizi, na ukiziacha ghafla uso unaweza kuwaka na kuvimba. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu 2019 msimamizi wa vipodozi ni TBS. Kwa hiyo hata yule staa aliyeelezwa vizuri hajatendewa haki. Kama kuna zebaki humo, hakitakiwi kuuzwa kwake wala kwa mwingine. Na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Haisemi mlaji mwenye wafuasi wengi, inasema mlaji.

Utetezi wa tatu ndio unaochosha: "Ukimwambia mteja yote hanunui." Sasa si ndiyo majibu yenyewe hayo? Kama mzigo unatoka pale tu mteja asipojua kilichomo, basi anayelipwa hapo si kipodozi, ni kutokujua kwa mtu.

Wapo pia wasiojua wanachouza. Wamechukua dumu kwa mtu, wamejaza chupa, wamebandika stika. Sawa, basi semeni "sijui." Mtu asiyejua kilichomo anapata wapi uhakika wa kusema "haina madhara"?

Hakuna anayedai mhadhara wa kemia kwenye WhatsApp. Mteja wa miaka mitatu anaweza kuelezwa kwa mstari mmoja, mgeni kwa mistari kumi, anayejua kusoma lebo akatumiwa lebo. Ila kuna mambo matatu ambayo hayapimwi kwa sura ya mteja wala pochi yake: ndani kuna nini, nani asipake, na nini kinatokea ukizidisha au ukiacha. Hayo ni ya kila mtu, awe wa Masaki au wa Mbagala.

Na wewe unayenunua, uliza kabla ya kutuma hela. Jibu lipige skrinishoti, utunze. Ukijibiwa kopa na "mpenzi" bila orodha ya kilichomo, elfu thelathini yako ina kazi nyingine. Na kama tayari umepaka na ngozi inawaka, nenda hospitali na hiyo chupa mkononi. Usione aibu, mwenye kuona aibu ni aliyekuuzia.

Wauzaji mliomo humu, mteja mgeni mnamwambia nini akiuliza "ndani kuna nini"? Dondosheni majibu hapo chini, bila kwenda DM.