"Zaidi ya Hapo" Nalo Ni Jibu

Nilipokuwa field mwaka jana nilimkata mwanafunzi wa kidato cha pili maksi zote za swali moja. Niliwatuma kupima kina cha kisima cha shule. Wenzake waliandika namba, sijui walizitoa wapi. Yeye aliandika: "Zaidi ya mita 12, kamba imeisha." Nikaweka kosa.

Muhula huu nimesoma habari za mlipuko wa miale ya gama wa tarehe 8 Mei 1997, na aibu imenishika. Milipuko ya aina hiyo ilinaswa mara ya kwanza mwaka 1967 na setilaiti za Vela za Marekani, zilizokuwa zikivizia majaribio ya mabomu ya nyuklia. Tangu hapo wataalamu walibishana: inatokea kwenye galaksi yetu, au mbali kabisa? Mwaka 1995 Paczyński na Lamb walifanya mdahalo mzima Washington, wakaachana bila mshindi.

Huo wa 1997 setilaiti ya BeppoSAX iliuwahi, ikaonyesha ulipo. Siku tatu baadaye darubini ya Keck II kule Hawaii ilichambua rangi za mwanga hafifu uliobaki. Ndani yake kulikuwa na mistari myeusi: gesi yenye magnesiamu na chuma ilifyonza sehemu ya mwanga njiani. Mstari mmoja wa magnesiamu, ukipimwa maabara, hukaa kwenye nanomita 279.6, ambako jicho halioni. Huku ulikuwa 513, rangi ya kijani. Gawanya mwenyewe: 1.835. Ulimwengu umetanuka kiasi hicho tangu mwanga upite kwenye ile gesi.

Lakini kilichopimwa ni gesi, si mlipuko! Mtu akikumulika tochi kupitia pazia, unachojua ni pazia liko wapi. Yeye yuko hapo hapo au nyuma yake. Kwa hiyo Metzger na wenzake walisema hauwezi kuwa karibu zaidi ya gesi hiyo, ambayo mwanga wake umesafiri takriban miaka bilioni 7. Galaksi yetu mwanga unaivuka kwa miaka laki moja tu. Ubishi kwisha, na kamba yao nayo iliishia njiani.

Sisi walimu watarajiwa tunawazoesha watoto kubuni namba ili wapate vema. Mtaniambia mtihani wa taifa una mwongozo wake. Sawa, ila kisima cha shule si mtihani wa taifa.

Nimempigia mwalimu aliyenipokea, nikamwomba amrudishie yule dogo maksi zake. Kasema matokeo yalishafungwa.