Maji ya Ziwa Yameingia Katika Daftari la Muuguzi



Wako miongoni mwetu wanaosema kwamba mabadiliko ya hali ya hewa ni mambo ya wataalamu na mikutano ya ng'ambo. Mwanafunzi wa uuguzi anayefanya staji huku kandokando ya ziwa, ukimwuliza, atakujibu kwamba habari hizo alizisikia redioni, si darasani. Muuguzi wa siku nyingi atakujibu kwa ukali zaidi: "Glavu hazitoshi, nawe waniletea habari za mawingu?"

Jibu hilo si la kubezwa. Lakini yafaa tujiulize: je, glavu na dawa huisha lini? Huisha wiki zile za mvua kubwa, wagonjwa wanapofika kwa wingi na barabara imekatika. Kwa hiyo mambo haya mawili ni shauri moja.

Tutazame ya kwetu. Ziwa Tanganyika lilipanda sana mwaka 2021, na tena mwaka 2024. Maji yaliingia majumbani Gatumba, Bujumbura na Rumonge. Choo kikifurika, kinyesi huingia katika maji ya kunywa, na kipindupindu hakingoji mwaliko. Tarehe 1 Januari 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa huo. Kadhalika malaria: mwaka 2000 na 2001 iliwashambulia watu wa milimani Kayanza na Ngozi, ambao miili yao haikuizoea sana, na Machi 2017 ikatangazwa kuwa janga la nchi nzima. Na chakula je? Wanasayansi walieleza mwaka 2003 kwamba joto la ziwa limepunguza chakula cha samaki. Mukeke na ndagala wakipungua sokoni, muuguzi huyaona matokeo kwenye mizani ya watoto.

Hapa Kabezi tunalo funzo letu wenyewe. Tangu mwaka 2006 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianzisha huduma ya dharura kwa wazazi, pamoja na magari ya kuwachukua kutoka vituo vya milimani. Utafiti wa mwaka 2011 ulikadiria kwamba vifo vya wazazi katika wilaya hii ya afya vilipunguzwa kwa karibu robo tatu. Kazi ile ilitegemea mikono ya wakunga na wauguzi, lakini ilitegemea barabara pia. Korongo likila barabara usiku, gari la wagonjwa lina faida gani kwa mama aliyezuiliwa na uchungu ng'ambo ya pili?

Hata hivyo tusitie chumvi. Kipindupindu kilikuwapo katika eneo hili tangu miaka ya 1970, na ziwa lilipanda sana pia mwaka 1964. Mlima uliokatwa miti na nyumba iliyojengwa mkondoni mwa maji ni makosa ya wanadamu wa hapa hapa. Muuguzi anayelaumu hali ya hewa kwa kila jambo humpa mkubwa wake kisingizio cha kutofanya kitu. Lakini joto linaloongezeka hulifanya kila kosa la zamani liwe ghali zaidi.

Basi tufanye nini? Kwanza, shule za uuguzi ziliingize somo hili katika mafunzo ya magonjwa ya kuambukiza, kwa mifano ya ziwa letu. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilikwisha kutamka mwaka 2018 kwamba hii ni kazi ya muuguzi. Pili, katika daftari la wagonjwa tuandike pia siku za mvua kubwa, za mafuriko na za barabara kukatika. Burundi ni miongoni mwa nchi zinazochafua hewa kidogo kabisa duniani. Mwaka 2022, huko Misri, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa kufidia hasara za namna hii. Mdai asiye na hesabu hurudi mikono mitupu, na hesabu hiyo tunayo sisi wa zamu ya usiku.

Tatu, chama kipeleke madai haya mezani pamoja na yale ya mishahara: akiba ya dawa, chumvi za kurudisha maji mwilini, klorini na glavu ifike vituoni kabla ya masika, mabuti kwa kila mfanyakazi, na malipo kwa saa za ziada za anayebaki kazini kwa sababu mwenzake amezuiliwa na mafuriko.

Mwanafunzi wa staji wa leo ndiye muuguzi mkuu wa kesho. Tusimwachie daftari lenye idadi ya wafu tu bila sababu zake.

Umoja ni nguvu.