Mgeni Asijifanye Mwenyeji

Wazee wengi humwambia kijana aendaye mjini mara ya kwanza maneno haya: "Usionyeshe ugeni wako. Tembea kama mwenyeji, wala usiulize njia, usije ukaibiwa." Nami naliambiwa hivyo na mjomba wangu siku nilipotoka Tura kwenda Tabora kujifunza ualimu. Nayaheshimu maneno ya wazee, lakini haya nayakataa, nami nitawaeleza sababu.

Labda ninyi msomao hamjui jina la Tura limetoka wapi. Zamani misafara itokayo pwani ilipita nyika kavu iitwayo Mgunda Mkali. Maji yalikuwa haba na vijiji vichache, na wapagazi walikwenda mbio kwa hofu ya kiu. Walipotokea upande wa pili walifika Tura, mpakani mwa Unyamwezi. Na neno hilo, kama alivyoandika Mwingereza Richard Burton aliyepita hapo mwaka 1857, maana yake ni "tua", yaani weka chini mzigo wako. Hata leo Mnyamwezi akitaka utue mzigo atakuambia, "Tula!"

Basi, nalishuka katika gari la moshi alfajiri, sanduku la mbao kichwani, nikatoka stesheni kwa hatua kubwa kama mtu aijuaye njia yake. Kumbe siijui. Nikapita chini ya miembe, nikashika kushoto, nikashika kulia, na kwa kuwa naliona haya kuuliza, nikajikuta mbele ya duka lile lile mara tatu. Kando ya duka alikaa bibi mmoja akiuza uji. Mara ya tatu akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, sanduku hilo unalitembeza lipate kuuona mji?" Watu waliokuwa wakinywa uji wakacheka pamoja naye. Nalikasirika, nikapita bila kumwamkia. Jua likapanda, shingo ikauma, na miguu ikanirudisha pale pale mara ya nne. Safari hii bibi hakucheka. Alisema neno moja tu: "Tula."

Nikatua. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," nikamwambia kwamba mimi ni mgeni, natoka Tura, wala sijui niendako. Kabla sijamaliza kikombe cha uji nalikwisha kujua njia ya chuo, na mahali pa kuteka maji, na saa ambayo watu huwa wachache hapo, na bei ya haki ya mkaa, na fundi wa viatu asiyemdanganya mtu. Mambo hayo hayamo katika kitabu chochote. Na mtu ajifanyaye mwenyeji hawezi kuambiwa, maana ni nani atakayemfundisha mwenyeji?

Tazameni Burton mwenyewe. Alifika Kazeh, ndipo palipo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kutoka pwani. Hakujifanya mwenyeji. Mfanyabiashara mmoja Mwarabu, Snay bin Amir, alimpokea, akampeleka katika nyumba ya kukaa, kisha akawa kama mwalimu wake wa habari za nchi na lugha zake. Snay naye alikuwa amekuja mgeni. Kwao Maskat alianza maisha kwa kutengeneza halua. Simsifu kwa yote, maana biashara yake ilikuwa ya pembe na ya watumwa pia, na wale waliouzwa hawakuulizwa na mtu kama wanataka kwenda kukaa ugenini. Lakini sehemu kubwa ya yale aliyoyaandika Burton juu ya Unyamwezi aliyapata kwa kuuliza.

Wapagazi wetu nao, waliposhuka Bagamoyo kwa maelfu, walichekwa na watu wa pwani. Lakini kati ya Wanyamwezi na Wazaramo, na makabila mengine ya njia ile, kukawa utani. Mtani hukutukana usoni, hukunyang'anya kofia, nawe hukasiriki. Bali siku ya msiba ndiye atakayesaidia kuzika. Naliyajua hayo tangu utotoni, ila asubuhi ile mbele ya uji naliyasahau kabisa.

Mtasema, je, wezi? Wapo, sikatai. Lakini mwizi humtambua mgeni hata asipouliza: humtambua kwa sanduku lake na kwa macho yake yanayotazama juu. Mwulizeni mtu mwenye mahali pake pa kukaa kila siku, kama mwenye duka, au fundi wa cherehani, au mzee wa kanisa au wa msikiti. Yule akimbiliaye sanduku lako stesheni kabla hujamwita, huyo mwacheni.

Nalikuwa na mwenzangu chuoni, kijana aliyenishinda mbali kwa hesabu. Yeye aliuficha ugeni wake. Hakujua pa kununua chakula kwa bei nafuu, akanyamaza. Akaishiwa fedha, akanyamaza. Akashikwa na homa, asimwambie mtu. Tulidhani ni mtu wa maringo. Juma la tatu tuliona kitanda chake ki tupu, amepanda gari kurudi kwao, wala hakurudi tena. Hata leo nikisahihisha hesabu za watoto humkumbuka, nami hujilaumu, maana sisi tuliolala chumba kimoja naye tungeweza kumwuliza.

Miaka mingi baadaye mjomba wangu alikuja Tabora kunitazama. Nalichelewa kumlaki stesheni, nikakuta ameondoka. Nikamtafuta hata adhuhuri, nikamwona nyuma ya soko, mfuko begani, anakwenda kwa hatua kubwa kabisa.

"Mjomba," nikamwuliza, "unakwenda wapi?"

Akanitazama kitambo, akautua mfuko wake, akasema, "Hebu kwanza nipe maji."

Nikampeleka kwa bibi wa uji.